Kuvu za Mikokoni: Shajara ya Kusaka Dawa Mpya, Kunduchi na Msimbazi

Januari, maji ya bamvua. Kunduchi

Tumeanza. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kipo, ruhusa ya watu wa misitu ipo, maana mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi na hata mti mkavu hauokotwi hivi hivi. Tunachukua mti uliokufa tu: matawi yaliyoanguka, mizizi iliyooza, vigogo vilivyotobolewa na viumbe wa majini hadi vikabaki matundu. Kwenye mti ulio hai tunachuma majani machache ya mchu na mlilana, aina mbili za mikoko, basi.

Nahodha aliyetuvusha ni mzee wa hapa hapa. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani, akatuuliza kuni zisizowaka tunazipeleka wapi. Nikamweleza kwamba tunatafuta ukungu unaoula mti chini ya maji. Ukungu hutengeneza sumu za kuwazuia bakteria wanaogombea chakula hicho hicho, na katika sumu za namna hiyo ndimo zilimotoka baadhi ya antibaiotiki tunazomeza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mwanangu, hapa mnapookota sipo. Hapa maji yanafika bamvua kwa bamvua. Kama mnataka kinachokaa majini, twendeni kwenye ule mlilana ulioanguka kule mbele. Ule tangu ulale haujakauka."

Tukaenda. Gogo jeusi, laini kiasi cha kukatika kwa kisu cha jikoni, na kwenye mkato mti umebadilika rangi kutoka kahawia hadi kijivu. Juu yake, ukiinamia karibu kabisa, kuna vidoa vyeusi vidogo kuliko punje ya ulezi vilivyozama nusu ndani ya mti. Hivyo vidoa ni matunda ya kuvu. Tumevifunga vipande kwenye mifuko safi, tukaandika chumvi na joto la maji, tukavitia kwenye ndoo ya barafu. Sampuli za gogo hilo zimeingia daftarini kwa herufi KL.

Niandike hapa mwanzoni kwa nini tunajisumbua. Anayefanya kazi wodini anaijua ile karatasi ya majibu ya kuotesha inayorudi na herufi R mbele ya kila dawa: hii imegoma, hii imegoma, hii nayo imegoma. Inaweza kuwa ya mama aliyefanyiwa upasuaji wa kujifungua, au ya kichanga njiti. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanasema kwamba mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na ukanda ulioumia zaidi ni Afrika Kusini mwa Sahara. Kutumia vizuri dawa zilizopo ni kazi moja. Kutafuta nyingine ni kazi ya pili, na sioni sababu ya kuwaachia wengine kazi hiyo ilhali mikoko iko mlangoni kwetu.

Februari. Mdomo wa Mto Msimbazi

Kituo cha pili kiko karibu na Daraja la Salender, mahali Msimbazi unapoingia baharini. Wenzetu kadhaa wametushangaa. Mto huu unabeba uchafu wa nusu ya Dar es Salaam, kwa nini tuende huko badala ya kwenda Mafia kwenye maji meupe?

Jibu langu ni Cagliari. Mwaka 1945, katika mji huo wa kisiwa cha Sardinia, Italia, Giuseppe Brotzu alikuwa akifundisha afya ya jamii chuo kikuu. Alitazama mahali bomba la majitaka la mji linapomwaga baharini. Bakteria wa homa ya matumbo wanaingia pale kila siku, lakini maji yanajisafisha. Brotzu alishuku kwamba miongoni mwa viumbe wadogo wa pale kuna wanaowaua wenzao. Akachota maji, akaotesha, akapata kuvu ya jamii ya *Cephalosporium* iliyowazuia bakteria wa aina nyingi. Alichapisha matokeo mwaka 1948, kisha kuvu yake ikapelekwa Oxford. Huko, katika miaka ya 1950, Guy Newton na Edward Abraham wakaitenga sefalosporini C. Dawa ya kwanza ya ukoo huo iliingia hospitalini mwaka 1964.

Sindano ya antibaiotiki ya ceftriaxone inayochomwa leo hospitalini kwetu inatoka kwenye ukoo huo. Babu yake ni ukungu uliookotwa kwenye majitaka ya pwani. Kwa hiyo tukasimama kwenye tope la Msimbazi tukiwa na buti ndefu na glavu mbili mbili, tukakata vipande vya mchu uliokufa. Mahali bakteria wanapobanana, kiumbe asiye na silaha haishi. Hilo ndilo dau letu kwa kituo hiki.

Machi. Kuotesha

Kazi ya mwezi mzima imekuwa kuosha, kupanda na kusubiri.

Kila kipande tunakigawa mara mbili. Nusu ya kwanza tunaisafisha kwa nje, spiriti ya asilimia 70, kisha jiki iliyopunguzwa makali, kisha maji safi mara kadhaa, ili kilichobaki hai kiwe kile kilichokuwa ndani ya mti. Maji ya kusuuzia ya mwisho nayo tunayapanda kwenye sahani yake peke yake. Yakiota kitu, usafishaji haukutosha na sampuli hiyo tunaitupa. Kisha tunapanda vipande kwenye aga, jeli ya kuoteshea, ya kimea iliyotengenezwa kwa maji ya bahari nusu kwa nusu, pamoja na kloramfenikoli ya kuwazuia bakteria.

Nusu ya pili haisafishwi. Inalazwa kwenye bakuli lenye karatasi yenye unyevu wa maji chumvi, inafunikwa, na kila baada ya siku chache mtu anakaa nayo chini ya hadubini kutafuta vidoa vyeusi. Kidoa kikikomaa unakipasua kwa ncha ya sindano, spora zinamwagika, unaziokota na kuzihamisha moja moja. Macho yanauma, shingo inakakamaa. Lakini hii ndiyo njia ya kuzipata kuvu za baharini kwelikweli. Spora za nyingi kati ya hizo zina mikia au vibandiko vya utelezi, vinavyozisaidia kuelea na kushika mti mpya maji yanapopita. Leo nimeona moja kutoka KL ikijifungua ndani ya tone la maji: spora ya kahawia, imegawanyika vyumba, na pembeni yake utando mwembamba unavimba taratibu kadiri unavyolowa. Niliita kila aliyekuwemo maabara aje aone.

Kwenye sahani za njia ya kwanza hali ni nyingine kabisa. *Aspergillus* na *Penicillium* zimetapakaa kwa siku tatu, *Trichoderma* imefunika sahani nzima ikazimeza nyingine zote. Mbili za kwanza zinapatikana hata kwenye mkate ulioota ukungu. Zote tatu zimo baharini, ni kweli, na zimetoa molekuli nyingi za maana. Lakini zimechunguzwa na maabara za dunia nzima kwa miongo, na anayezitegemea peke yake anakwenda kukuta nyayo za wengine. Nimependekeza, na timu imekubali, kwamba sahani zote zikae wiki nane kabla ya kutupwa. Tunazitaka zile zinazochelewa.

Aprili na Mei. Masika

Mvua. Msimbazi umefurika, Jangwani hapapitiki, na chumvi kwenye kituo cha Salender imeshuka karibu na maji ya mto. Sampuli za wakati huu zimetoa kuvu za nchi kavu tupu, zilizosombwa na maji kutoka mashambani na majalalani. Tumezihifadhi kwenye gliseroli ndani ya friza ya nyuzi hasi 80, lakini hatuzipimi kwa sasa. Kuokota kitu baharini hakuthibitishi kwamba kinaishi huko. Kila kuvu inayoingia kwenye orodha yetu lazima kwanza ikue vizuri kwenye aga ya maji chumvi.

Umeme umekatika mara nyingi. Jenereta imeshika, friza imesalimika.

Juni. Vipimo vya kwanza

Kila kuvu imeoteshwa kwenye mchele. Unapika mchele kidogo na maji chumvi ndani ya chupa, unaupitisha kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, unapanda kuvu, unaiacha wiki tatu hadi nne. Mchele unageuka rangi: mwingine njano, mwingine zambarau, mmoja wa Msimbazi umekuwa mwekundu wa damu hadi kioo cha chupa. Kisha tunaloweka kwa kiyeyushi cha ethili aseteti, tunachuja, tunakausha, na kinachobaki chini ni dondoo, utepe wa gundi ya kahawia.

Kipimo ni kile cha vijisahani vya karatasi ambacho Bauer na Kirby na wenzao walikiweka sawa mwaka 1966, na ambacho maabara za hospitali zinakitumia mpaka leo. Aga ya Mueller-Hinton inamwagwa unene wa milimita 4. Bakteria wanapimwa kiasi maji yao yalivyopoteza uangavu mpaka kilingane na kipimo cha McFarland 0.5, ambacho ni takriban bakteria milioni 150 kwa mililita. Wanapakwa kwa pamba, vijisahani vya milimita 6 vilivyolowekwa dondoo vinawekwa juu, sahani zinalala kwenye inkubeta ya nyuzi 35 usiku kucha. Tunatumia *Staphylococcus aureus*, *Escherichia coli* na *Pseudomonas aeruginosa* za kumbukumbu, zile zinazotumiwa kulinganisha maabara zote, pamoja na *Candida albicans*, ambayo yenyewe ni kuvu. Pembeni kuna gentamisini, antibaiotiki ya kulinganishia. Kwa *S. aureus* ya kumbukumbu, gentamisini ya mikrogramu 10 inapaswa kutoa duara tupu, lisiloota bakteria, la milimita 19 hadi 27. Likitoka nje ya hapo, sahani zote za siku hiyo hazihesabiwi.

Asubuhi ya kufungua inkubeta kila mtu alikuwepo mapema. Maduara yapo, na mengi. Kwa *S. aureus* karibu theluthi ya dondoo zimeonyesha kitu. Kwa *E. coli* chache sana, kwa *Pseudomonas* hakuna kabisa.

Hilo la mwisho halikunishangaza. Bakteria wa kundi la Gram hasi wana utando wa pili nje ya ukuta wao unaozuia molekuli nyingi kupita, na kinachofanikiwa kupenya husukumwa nje na pampu. Na hao ndio wanaowatesa madaktari zaidi. Kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024, kundi la hatari ya juu kabisa limejaa Gram hasi. Tutaendelea kuwapima hata kama majibu ni sifuri, kwa sababu sifuri hizo ndizo zitakazotuambia siku kitu kikipita.

Julai. Duara kubwa la Msimbazi

Dondoo la MS-4, kuvu ya Msimbazi, limetoa duara kubwa kuliko la gentamisini. Safi, kingo kali, hakuna koloni hata moja ndani yake. Limezuia *S. aureus*, limezuia *Candida*, na limegusa hata *E. coli*. Wanafunzi wawili wamepiga picha na kuzituma nyumbani.

Mimi nimeomba tusitangaze lolote mpaka ifanyike kazi ya kutambua yaliyokwisha kutambuliwa. Naieleza kwa urefu, kwa sababu hapa ndipo utafutaji wa dawa za asili unapopoteza fedha nyingi. Duara kwenye sahani linasema kitu kimoja tu: humu mna kitu kinachozuia bakteria. Haliulizi kama kitu hicho kilishaandikwa zamani, wala kama kitamuua mgonjwa kabla ya ugonjwa. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akisafisha molekuli, na mwisho wa safari akakuta ni ya tangu enzi za babu yake. Kwa hiyo dondoo linapitishwa mapema, likiwa bado chafu, kwenye kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektrometa ya masi. Mashine inatenganisha vilivyomo na kupima uzito wa kila kimoja, kisha uzito huo unalinganishwa na hazina za data. GNPS ni ya bure na inalinganisha hata vipande ambavyo molekuli huvunjikia. Natural Products Atlas nayo ni ya bure. MarinLit ya molekuli za baharini ni ya kulipia.

Majibu ya MS-4 yamerudi. Kilele kikubwa kwenye mchoro wa mashine kina uzito wa 327, na pembeni yake kipande cha 263. Tofauti ni 64, uzito wa atomi mbili za salfa. Anayefanya kazi hii akiona salfa mbili zimedondoka kutoka 327 anajua jina kabla ya kufungua hazina yoyote: gliotoksini. Imejulikana tangu miaka ya 1930. Inaua bakteria, inaua kuvu, na inaua pia seli za kinga za binadamu. Vinasaba vikathibitisha: MS-4 ni *Aspergillus fumigatus*, kuvu inayoweza yenyewe kuingia kwenye mapafu ya mgonjwa mwenye kinga dhaifu. Chupa zake zimepitishwa kwenye otoklevu, na kilichobaki cha kumbukumbu kinafunguliwa ndani ya kabati la usalama tu.

Kijana aliyeiotesha alinyong'onyea. Nilimwambia, mdogo wangu, umeokoa mwaka wa kazi kwa sampuli ya wiki moja. Ameandika ukurasa wa MS-4 vizuri kuliko ukurasa wowote daftarini.

Agosti. Mchele wenyewe

Jambo la kukumbukwa na yeyote atakayefuata njia hii. Tangu mwanzo tuna chupa za mchele usiopandwa kuvu, zinazopitia hatua zote sawa na nyingine. Dondoo la mchele mtupu limetoa duara dogo kwa *S. aureus*. Sababu ni mafuta: asidi za linoleiki na oleiki zilizomo kwenye mchele zinawadhuru bakteria wa Gram chanya, wasio na ule utando wa pili, kama *S. aureus*, na ethili aseteti inazibeba zote. Maana yake sehemu ya maduara ya Juni ni ya mchele, si ya kuvu.

Tumesafisha dondoo zote upya. Kila moja imeyeyushwa kwenye methanoli yenye maji kidogo na kutikiswa na heksani, mafuta yakahamia kwenye heksani, yakamwagwa. Tukapima tena. Orodha ya theluthi imebaki ya kuhesabika kwa vidole vya mkono. Wapo wanaoona hii ni hasara. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza orodha yetu imestahili kuaminiwa.

Septemba. KL-9

Kwenye gogo la yule mlilana kuna kuvu iliyookotwa kwa sindano mwezi Machi ambayo imechukua wiki sita kufikia upana wa sarafu. Kijivu cheusi, ngumu, imekwaruza aga. Juu yake, sahani inapokaa wima bila kuguswa, hutoka matone madogo ya rangi ya kaharabu, moja moja, yanakaa juu ya nyuzi bila kuzama. Nimefyonza moja kwa ncha ya pipeti na kuligusisha kwenye *S. aureus*: hakuna kitu. Dondoo lake la mchele, likishatolewa mafuta, nalo dhaifu.

Vinasaba vya eneo la ITS, lile linalotumiwa kama kitambulisho cha kuvu, vinaiweka kwenye oda ya Pleosporales, ambamo kuvu nyingi za mti wa mikoko zimo. Kuvu iliyo karibu nayo kwenye hazina ya kimataifa iko mbali kiasi cha kutoruhusu kuandika jina la jenasi. Tutasoma jeni nyingine kabla ya kusema zaidi.

Sikutaka kuiacha. Kuvu ina jeni za kutengeneza molekuli nyingi kuliko zinazoonekana kwenye chupa, na nyingi hunyamaza mpaka kiumbe kichokozwe. Mfano unaojulikana ni pestaloni. Mwaka 2001 watafiti wa California walieleza kwamba kuvu ya baharini ya jenasi *Pestalotia*, iliyotoka kwenye mwani wa kahawia huko Bahama, haikuitengeneza molekuli hiyo ilipokuwa peke yake. Waliipata walipoiotesha pamoja na bakteria wa baharini. Ripoti ya kwanza iliisifu sana dhidi ya *S. aureus* sugu kwa methisilini. Baadaye wanakemia waliitengeneza kwa mikono yao, wakaipima upya, wakakuta nguvu yake ni ndogo kuliko ilivyosemwa. Nayachukua yote mawili: njia yao ni nzuri, na kipimo cha kwanza si cha kuamini peke yake.

Kwa hiyo tumechukua bakteria waliotoka kwenye gogo hilo hilo la KL, majirani zake wa miaka yote, na kuwapanda kwa mstari sentimita mbili kutoka kwenye KL-9.

Oktoba. Mstari wa kahawia

Kwa bakteria mmoja kati ya waliojaribiwa, KL-9 imejibu. Upande unaomtazama jirani, aga imepata mstari wa kahawia unaosogea mbele ya nyuzi, na bakteria wamekoma kabla ya kuugusa. Upande wa nyuma, ambako hakuna jirani, aga imebaki na rangi yake.

Tumekata aga ya eneo hilo la katikati na kuitoa dondoo, sambamba na aga ya KL-9 peke yake, aga ya bakteria peke yake, na aga tupu. *S. aureus* imezuiwa na dondoo la pamoja tu. Tumerudia kwa sahani mpya na kwa mikono ya mtu mwingine, jibu ni lile lile. *E. coli* haikuguswa. *Candida* haikuguswa, na hilo linanipa moyo, kwa sababu seli za *Candida* zinafanana na zetu zaidi ya za bakteria, na sumu ya jumla isingechagua.

Dondoo hilo tumelitandaza kwenye bamba la kromatografia, tukalifunika kwa aga nyembamba yenye bakteria, kisha tukanyunyiza rangi inayobadilika penye uhai. Bamba zima limegeuka zambarau isipokuwa doa moja jeupe katikati. Nguvu yote iko kwenye doa moja.

Kipimo cha sumu tumekifanya kwa uduvi wa *Artemia*, kwa sababu ndicho tunachokimudu. Mayai yanaanguliwa kwenye maji chumvi kwa siku moja hadi mbili, unawahesabu wadogo kwenye vichupa, unaweka dondoo, unahesabu waliobaki hai kesho yake. Kwa kawaida dondoo linalowaua nusu yao chini ya mikrogramu 1000 kwa mililita huhesabiwa kuwa na makali. La gliotoksini lilimaliza wote. La KL-9 na jirani yake limewaacha wengi wakiogelea. Seli za binadamu zitapimwa molekuli ikishasafishwa, maana uduvi hawatoshi kusema dawa ni salama.

Spektrometa imetoa kilele kimoja ambacho hakimo kwenye aga tatu za kulinganisha. Uzito wake haukupatana na molekuli ya kuvu kwenye GNPS wala Natural Products Atlas, na vipande vyake havifanani na familia yoyote tuliyoipitia. Hazina hizo hazina kila kitu. Kwa hiyo daftarini tumeandika "haijatambuliwa". Neno "mpya" halitaandikwa mpaka muundo wake usomwe.

Novemba. Tulipo sasa

Kusoma muundo kunahitaji mashine ya NMR yenye nguvu, inayotumia sumaku kuonyesha atomi za molekuli zilivyoungana, na mashine ya kiwango tunachotaka iko nje ya nchi. Hapa tumesimama kidogo kwa hiari yetu. Kuvu yenyewe haitatoka. Itatoka molekuli iliyosafishwa, na itatoka chini ya makubaliano ya maandishi ya kuhamisha sampuli, yanayosema asili yake ni Kunduchi na kwamba faida yoyote ina mgawo wa nchi na wa watu wa eneo, kama inavyotaka Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, ya kugawana faida za viumbe vya nchi. Tunakumbuka Ziwa Bogoria kule Kenya. Viumbe vyake vidogo vilichukuliwa miaka ya 1990, vimeng'enya vyake vikaishia kwenye biashara ya kuchujisha rangi ya jinzi, na Kenya ikabaki kudai haki yake baadaye. Rasimu yetu imeshasomwa na mwanasheria. Wenzetu wa upande wa pili wameikubali isipokuwa kifungu cha umiliki wa hataza, na kifungu hicho hatukilegezi.

Kikwazo kingine ni kiasi. NMR inataka miligramu kadhaa za molekuli safi, na sisi tunayo chini ya miligramu moja. Kuvu inayokua pole hivi haiharakishwi. Tumejaribu kuwaotesha wawili hao kwenye kimiminika na mstari wa kahawia haukutokea, kwa hiyo tunarudi kwenye sahani: KL-9 inapandwa kwanza na kukaa wiki nne, kisha jirani anapandwa, kisha wiki mbili nyingine ndipo aga inakatwa. Rafu mbili za inkubeta zimejaa sahani hizo tangu Jumatatu. Mbegu ya akiba ya wote wawili iko kwenye friza mbili zilizo majengo tofauti.

Wakati huo huo kilele hicho kinaendelea kutafutwa MarinLit na kwenye makala za zamani za kuvu za Pleosporales. Kikijulikana, KL-9 inarudi kwenye friza na tunahamia kwa anayefuata kwenye orodha, ile nyekundu ya Msimbazi, ambayo dondoo lake bado linazuia *S. aureus* baada ya mafuta kutolewa. Kisipojulikana, sahani zinakatwa katikati ya Januari, na usafishaji unaanza siku hiyo hiyo.